Kivu ya Kusini: samaki wakifa mu bwawa, ugonjwa unafuata mfereji

Asubuhi mfugaji anafika ku bwawa, anakuta tilapia watatu wanaelea. Kesho yake wanakuwa sita. Macho imevimba, ngozi iko na vidonda, wengine wanazunguka-zunguka kama wamelewa. Wafugaji wengi hukimbilia farmasi kununua kapsuli za tetrasikline, wanazifungua na kumwaga unga mu maji. Kisha wanavua samaki waliobaki na kuwauza haraka, mbele ya jirani kujua.

Njo hapo tatizo linaanza. Mu mabonde ya Kabare na Walungu, mabwawa mengi (watu wanasema etangi) yanafuatana, moja chini ya lingine, na yanapata maji ya mfereji mmoja. Maji inayotoka kwa mfugaji wa juu ndiyo inaingia kwa yule wa chini. Kwa hiyo ugonjwa hauko wa mtu mmoja. Uko wa mfereji muzima.

Bakteria mbili zinajulikana sana kwa tilapia. Streptokoki inashika ubongo na macho. Aeromonasi inaleta vidonda na kuvimbisha tumbo. Hii ya pili haitoki mbali: inaishi mu maji na mu matope siku zote, na samaki mwenye nguvu anaishi nayo bila shida. Inaanza kuua wakati samaki wamesongamana, wamekwaruzwa na wavu, ao maji imeoza juu ya mbolea nyingi ya nguruwe na bata.

Lakini si kila kifo ni bakteria. Kama samaki wote, wakubwa na wadogo, wamekufa usiku mmoja, na mbele ya kufa walikuwa wanafungua kinywa juu ya maji, mara nyingi ni hewa iliyokosekana. Mbolea ikizidi, inamaliza hewa ya maji usiku. Kama wanakufa pole pole, wachache kila siku, na wako na vidonda ao macho imetoka, hapo ugonjwa unashukiwa.

Tetrasikline ya kumwaga inasaidia nini? Kidogo sana. Dawa inapotea mu maji mengi, ingine inashikwa na matope, na hakuna anayejua samaki amepata kiasi gani. Bakteria zinazopona zinazoea dawa, na zinaweza kupitisha uwezo huo kwa bakteria zinazogonjesha watu. Tetrasikline ni dawa ya watu pia. Tena, kisababishi kinaweza kuwa kingine. Mwaka 2018, mu ziwa Volta, inchi ya Ghana, tilapia wa vizimba walikufa kwa wingi. Streptokoki ilikuwa imekwisha kujulikana kule, lakini vipimo vilionyesha virusi. Antibiotike haiui virusi.

Huku kwetu kupima ni kazi ngumu. Maabara kuu ya mifugo iko Kinshasa, na mwanzo wa mwaka 2025 viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa. Samaki mgonjwa hawezi kusafiri siku nyingi, anaoza.

Lakini shida kubwa ni kunyamaza. Mfugaji amekopa pesa mu AVEC kununua vitoto vya samaki, na siku ya kurudisha inakaribia. Akisema samaki wake ni wagonjwa, nani atanunua? Ku soko, Thomson wa barafu anamungoja mnunuzi pale pembeni. Anayenyamaza anaokoa deni lake, lakini yule wa chini anapoteza bwawa, naye pia iko na deni.

Yanayoweza kusaidia hayaombi maabara. Mwenye kuona vifo afunge maji yanayotoka na aambie wenzake wa mfereji siku ileile. Asitoe vitoto kuuzia wengine. Apunguze chakula, asimamishe mbolea. Wavu usipite bwawa kwa bwawa bila kuoshwa na kukauka ku jua. Waliokufa wazikwe na chokaa mbali na maji, wasitupwe mu mfereji, wasiuzwe. Mwenye kidonda ku mkono asiwashike. Kiisha mavuno, bwawa likaushwe na kumwagiwa chokaa ya moto, kilo 10 mpaka 20 kwa mita 100 za mraba. Wakati wa kuanza tena, samaki wawili kwa mita moja ya mraba wanatosha kwa bwawa la mbolea.

Vikundi vingi vya mabonde viko na sheria ya zamu ya maji. Bado kuongeza sheria ya pili: anayesema mapema asiachwe peke yake na deni. AVEC inaweza kumusogezea tarehe ya kulipa. Bila hiyo, kila mtu ataendelea kuuza usiku, na mfereji utaendelea kupeleka ugonjwa chini.