Kirumbizi si Pambo la Jukwaa

Wapo waandishi na wakuu wa sherehe ambao, wanapotaja kirumbizi, hukiweka katika orodha ya ngoma baina ya msewe na lelemama, kisha wakapita. Kwao, wanaume wawili wenye fimbo katikati ya duara, zumari likilia, ni pambo la kuwafurahisha wageni. Maoni hayo ni finyu, na yana hasara. Kirumbizi ni ngoma, hilo halina ubishi. Lakini ndani ya ngoma hiyo mna elimu ya kupigana kwa fimbo, nayo ndiyo inayoweza kupotea huku ngoma ikisalia.

Na tuitazame elimu yenyewe. Mchezaji aingiaye uwanjani, awe Lamu au Unguja, hana budi kwanza kupima nafasi iliyopo baina ya ncha ya fimbo yake na mwili wa mwenzake. Akizidisha hatua moja mbele, amefikika. Akirudi hatua moja nyuma, pigo lake ni la hewa. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, nasi huitumia methali hiyo kwa habari za misaada na jamaa wa mbali, tukasahau kuwa ni kanuni halisi ya fimbo. Kisha kuna kupangua. Anayelisubiri pigo kama ukuta usubirivyo jiwe, mkono wake utakufa ganzi. Ajuaye hulipokea kwa mshazari, likateleza, na papo hapo fimbo yake i tayari kujibu. Tena kuna wakati, na hapa ndipo ngoma inapoacha kuwa pambo: mdundo humzoeza mchezaji kulitazamia pigo, na fundi ni yule auachaye mdundo kusudi, akachelewa kidogo, mwenzake akakinga upepo. Watu wa Ulaya waliandika vitabu juu ya mambo haya katika karne ya 16, na mchezo wao wa vitara umo katika Olimpiki tangu 1896. Wetu hawakuandika. Je, asiyeandika hajui? Hiyo ndiyo kasumba.

Nayasema haya kutoka Kwai, juu katika milima ya Usambara, ambako zumari halisikiki. Jirani ataniuliza: mchezo wa pwani unatuhusu nini sisi Washambaa? Kwai hii hii Wajerumani waliifanya shamba la majaribio ya mbegu na mifugo mwishoni mwa karne ya 19. Leo viazi na kabichi vyatulisha, wala hakuna aulizaye kabila la kabichi. Tena sisi tuna somo la kujifunza. Mbegha wa masimulizi yetu alikuwa mwindaji wa mkuki. Lakini alipokwisha kufa Kimweri mwaka 1862, bunduki za Semboja wa Mazinde zilibadili vita vya milimani, na ufundi wa silaha za mkono ukakosa kazi. Watu wa pwani waliitia fimbo katika ngoma, ikaishi.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, akisikitika kwamba shuleni tulifunzwa nyimbo za kigeni tukaachwa bila za kwetu. Tangu hapo Tanzania Bara imepata Baraza la Michezo la Taifa kwa sheria ya 1967, na Baraza la Sanaa kwa sheria ya 1984. Fimbo imeanguka katika ufa baina ya mabaraza hayo: kwa wanamichezo ni ngoma, kwa wasanii ni vurugu. Misri hawakuona ufa huo. Mchezo wao wa fimbo, tahtib, wenye muziki wake, uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2016.

Tunachodai ni kidogo: mafundi wa kirumbizi waitwe vyuoni na mashuleni wafundishe mapigo na makingo, siyo hatua za jukwaani tu, na maneno yao yaandikwe wangali hai. Watakaosema kwamba tutawafundisha vijana ugomvi waende Makunduchi mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa, wakatazame wanaume wa kusini na wa kaskazini wakitwangana kwa mapande ya migomba mbele ya wake na watoto wao, kisha wakala pamoja.