Masomo ya Divai kwa Simu na Ndizi za Rumonge

Kijana aliyeko Rumonge leo, mwenye simu na fedha ya kulipia intaneti na ada ya masomo, aweza kujiandikisha katika mafunzo ya kutengeneza divai yatolewayo kwa njia ya mtandao na Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, nchini Marekani, na hatimaye akapata cheti. Zamani elimu ya namna hiyo ilimlazimu mtu kupanda ndege. Sisi twaliunga mkono jambo hili, lakini kwa sharti.

Masomo hayo yametungwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi, ambako mzabibu hupumzika kila mwaka. Kwetu mzabibu haupumziki. Ndugu zetu wa Dodoma huyakata matawi yake ili kuulazimisha uanze upya, nao huvuna mara mbili kwa mwaka. Ila Dodoma ni nchi kavu, na mwambao wetu wa Tanganyika una unyevu mwingi, ambao ndio rafiki wa ukungu ulao zabibu. Atakayepanda mizabibu hapa kwa kuwa tu ameiona katika simu ataipoteza akiba ya jamaa zake.

Kinachostahili kuchukuliwa huko ni elimu ya chachu. Mfaransa Louis Pasteur alitoa kitabu chake juu ya divai mwaka 1866, naye alikuwa ameonyesha kwamba chachu ni kiumbe hai kigeuzacho sukari kuwa kileo. Gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huleta kileo cha asilimia 1. Hesabu hiyo haijali kama sukari imetoka katika zabibu au katika ndizi.

Wazee wetu huivisha ndizi shimoni, huzikamua kwa nyasi, kisha hutia unga wa mtama, na urwarwa huwa tayari. Ni ufundi wa kuheshimiwa. Lakini baada ya siku chache huchacha, kwa maana vijidudu vimeingia pamoja na unga na chombo, na hewa huvisaidia kugeuza kileo kuwa siki. Mawese ya Rumonge humsubiri mnunuzi. Urwarwa haimsubiri mtu. Maji ya ndizi yakipashwa moto, yakatiwa chachu teule, yakafungiwa katika pipa safi lenye mpira wa kutolea gesi tu, kinywaji chaweza kukaa miezi chupani na kufika Bujumbura kingali kizuri. Hata ndugu zetu Waislamu, wasiogusa kileo, watafaidika, kwani usafi na moto huo huo huhifadhi maji matamu ya ndizi.

Hata hivyo simu haina pua wala ulimi. Kuruta husoma ramani darasani, lakini hakabidhiwi kikosi kabla hajatembea porini usiku. Tena masomo hayo ni ya Kiingereza, na mtengenezaji wa urwarwa husema Kirundi na Kiswahili.

Kwa hiyo twapendekeza wilaya itenge chumba kimoja chenye mapipa safi, kipimajoto na kile kipimo cha kioo kieleacho ambacho huonyesha sukari iliyobaki. Mwenye cheti cha mtandao awafasirie wenzake masomo, na mapipa yake mawili ya kwanza ayatengeneze mbele ya mzee mjuzi wa urwarwa. Asiuze hata chupa moja kabla haijakaa miezi mitatu.