Usipoziba Ufa

Ukitajiwa Zanzibar, huenda unaona mchanga mweupe na minazi. Nakuomba utazame jengo moja tu: Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 mbele ya bandari ya Mji Mkongwe.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilishambulia eneo la kasri kwa muda usiotimia saa moja. Majengo jirani yalibomoka. Beit al-Ajaib likabaki wima. Katika miaka ya 1980, bei ya karafuu ikiwa imeporomoka, serikali iliugeukia utalii. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, na hoteli zikazidi kuenea ufukweni. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliochelewa mno ukiwa unaendelea, sehemu ya jengo hilo ilianguka na kuua watu wawili. Lililoishinda mizinga likashindwa na unyevu na uzembe.

Wapo watakaosema fedha hazikuwapo. Sikubaliani nao. Anayeuza historia yake kila siku ana deni kwa historia hiyo.

Nasi wa Uganda tusiwacheke jirani zetu: makaburi ya Kasubi, urithi wa dunia tangu 2001, yaliteketea kwa moto mwaka 2010.

Basi, kabla ya kushangilia idadi ya watalii, mwulize kiongozi wako: katika fedha zao, ni kiasi gani kinachotunza kuta wanazokuja kuzitazama? Usipouliza leo, kesho utaonyeshwa kifusi.