Hiyo Ziara ya Daikoku ni Uongo, na Mimi Ndiye Niliyeiandika

Nimeielezea Daikoku mara nyingi kuliko nilivyowahi kuielezea nyumba niliyolelewa. Turbo zinapumua gizani, taa zinateleza juu ya boneti, na wewe uko katikati kama mwenyeji. Hiyo sentensi ni yangu. Niliiandika saa nane usiku kwa bedsitter yangu Kahawa West, bando imebaki kidogo, nimejifunika shuka hadi kichwani. Sijawahi kufika Japani. Pasipoti yenyewe sina.

Kazi ilikuwa hivi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, doh ya karo ilipokatika, na tangu hapo naishi kwa kuwaandikia watu mtandaoni. Leo ni dawa ya kunguni, kesho ni harusi za ufukweni. Halafu akaja mteja mmoja, kampuni ya ziara ambayo sitaitaja, akitaka maelezo ya ziara ya usiku kwa wapenzi wa magari ya Kijapani. Unachukuliwa hotelini Tokyo jioni, unakalishwa kwa kiti cha abiria cha Skyline GT-R, unazungushwa kwenye barabara za juu, unashushwa Daikoku upige picha, na kabla ya saa sita usiku umerudishwa. Bei ya kiti kimoja ilizidi kodi yangu ya mwezi. Nilifurahi hata hivyo. Mimi ni mtu wa magari tangu nikiwa mtoto wa kusukuma tairi kuukuu kwa fimbo. Nilidhani nimepata kazi ya kulipwa nikiota.

Sasa nasema wazi: ile ziara niliyoisifu inakula kitu kile kile inachouza. Na sisi vijana wa Nairobi tunaohifadhi video zake kwa simu, tukijiambia siku nikiomoka lazima nifike, tumeuziwa ndoto ambayo si yetu wala si ya Wajapani.

Tuanze na mahali penyewe. Daikoku ni maegesho ya mapumziko kwenye kisiwa kilichotengenezwa na watu, bandarini Yokohama, chini ya madaraja yanayojikunja kama tambi pale ambapo barabara ya Wangan inakutana na ya Daikoku. Ilijengwa dereva apumzike: choo, chakula, mashine za kuuza kahawa ya moto kwenye kopo, na nafasi ya lori. Basi. Hakuna tiketi, hakuna jukwaa, na hata mlango wa kuingilia kwa miguu hakuna; unafika ukiwa ndani ya gari lililo kwenye barabara ya kulipia, na unatoka hivyo hivyo. Magari ya ajabu yalianza kujaa pale kwa sababu rahisi kabisa. Mtu ametoka kazini, ana Civic aliyoitengeneza kwa mikono yake, nyumbani hana pa kuionyesha, na kule kwenye kisiwa hakuna jirani wa kupigia polisi simu. Anaegesha, ananunua kahawa, anafungua boneti. Mwingine anasogea. Wanaongea kuhusu shimo dogo kwenye bomba la hewa kwa nusu saa.

Huo ndio utamaduni. Umesimama, umezima injini. Asilimia kubwa ya raha ya Daikoku ni watu wazima kuinama pamoja juu ya kitu ambacho kimewamalizia mishahara.

Sasa leta ziara. Mwaka wa 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36, yeni ikiwa imeshuka, na wengi wao wamelelewa na Tokyo Drift ya 2006. Kwa sababu huwezi kutembea hadi Daikoku, mtu mwenye GT-R ameona pengo. Ukiweka mgeni mmoja kwa kiti cha abiria, hakuna shida. Ukileta msafara wa magari, kila moja na mgeni wake, kila usiku, kila mgeni akitaka injini ingurumishwe kwa ajili ya video ya sekunde kumi na tano, umeleta matatu stage ya Githurai mahali ambapo dereva wa lori alikuwa amelala. Polisi wanakuja na vipaza sauti, wanatangaza maegesho yanafungwa, kila mtu anaambiwa aondoke. Hilo hutokea mara nyingi usiku wa wikendi. Tatsumi, ile ya upande wa Tokyo yenye kuonyesha maghorofa vizuri, nayo hufungwa vivyo hivyo.

Sisemi fujo zote ni za watalii. Kulikuwa na vijana wa Kijapani wakichoma tairi na kulipua eksozi kabla mimi sijazaliwa. Lakini yule kijana akifukuzwa, amepoteza sehemu yake ya kukutana na watu. Mwenye ziara akifukuzwa, amepoteza nusu saa ya ratiba, na mteja anapelekwa kuona daraja.

Na kuna jambo ambalo lilinikaa vibaya nilipolisoma, kwa sababu ni la kwetu kabisa. Japani, gari la kubeba abiria kwa nauli linatakiwa kuwa na kibali, na linavaa namba za kijani. Gari la kawaida la mtu binafsi lina namba nyeupe. Ukibeba watu kwa pesa na namba nyeupe wanaiita shirotaku, teksi nyeupe, na ni kosa la sheria. Yaani ni ile Probox ya bila mstari wa njano inayookota watu wanane alfajiri kule mashinani, ila hii ina nguvu za farasi 280. Tofauti ni kwamba ya mashinani huiita magendo na hii niliiita tukio la maisha. Mteja hakuniambia namba zao ni za rangi gani. Nami, kwa sababu kodi ilikuwa inakaribia, sikuuliza.

Neno nililolitumia kupita yote lilikuwa "halisi". Halisi, halisi, halisi. Ikabidi nijiulize siku moja, nikiwa kwenye matatu, uhalisi wa kiti cha abiria ni nini. Wasee wa Initial D mnanielewa. Ile manga ya Shuichi Shigeno, iliyoanza 1995, shujaa wake Takumi si tajiri wala si mtalii. Ni kijana wa kupeleka tofu. Anaendesha Toyota AE86 ya babake mlimani alfajiri, na babake humwekea kikombe cha maji ndani ya gari, maji yasimwagike, tofu isiharibike. Ustadi wake wote umetoka kwa delivery. Kwa hivyo mtu anapanda ndege kwenda kununua kiti kwenye utamaduni ambao hadithi yake maarufu kabisa ni ya mfanyakazi wa mkono anayechoka. Na mtu huyo huyo, akiona boda amefunga mitungi mitatu ya gesi akikata kona ya Kasarani bila kuyumba, anamwona mshamba.

Hapo ndipo ninapotaka tugombane vizuri, mimi na wewe msomaji, kwa sababu kosa letu ni tofauti na la mtalii wa Marekani. Yeye angalau ana kisingizio. Kwao, gari la aina hii haliingii kirahisi hadi lifikishe miaka 25. Ndiyo maana GT-R R34 za mwaka wa 1999 zilipofika umri huo mwaka wa 2024, matajiri walizigombania, na zote zilizotengenezwa hadi 2002 hazifiki 12,000. Kwetu ni kinyume: gari la mtumba likizidi miaka 8, Mombasa hawalitaki. Wao wanapata majini ya hadithi. Sisi tunapata Demio, Fielder, Axio, Note, na Forester ya yule jamaa wa plot ambaye huwasha saa kumi na moja asubuhi tuamke sote.

Lakini tunapenda kusema JDM kana kwamba ni cheo. JDM maana yake ni gari lililotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani. Full stop. Kwa hiyo Fielder ya mjomba wako ni JDM. Vitz ya Uber iliyokuleta town jana ni JDM. Iliuzwa kwa familia fulani pale, ikakaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2 kwa ule ukaguzi wao uitwao shaken, ambao unauma mfuko, hadi mwenyewe akaona heri aiuze mnadani. Ikapanda meli. Ikashuka Mombasa ikiwa bado inanuka manukato ya watu wengine.

Kagua lile gari vizuri. Kwenye kioo cha mbele kuna alama ya stika ya ukaguzi. Mlangoni kuna kijikaratasi cha Kijapani kinachosema oili ilibadilishwa lini. Redio haishiki stesheni zetu nyingi mpaka ufungiwe kile kidude cha kuongeza masafa, kwa sababu redio yao inaanza megahezi 76 na ya kawaida iliishia 90. Na ukiwasha, kuna yule mwanamke. Mnamjua. Kila Mkenya aliyewahi kupanda gari la mtumba amemsikia akiongea Kijapani kwa adabu na hakuna anayemjibu. Anasema kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ndiyo kadi ya kulipia zile barabara zao. Kwa maneno mengine, kila asubuhi, kwenye maelfu ya magari ya Nairobi, kuna sauti inayokuuliza mbona hujaweka kadi ya kupandia barabara ya kwenda Daikoku, na wewe uko foleni pale Roysambu ukitazama video ya Daikoku kwa simu.

Tukiongeza historia, aibu inazidi. Hayo magari yalipokuwa bado yanachekwa duniani, yalikuja kujipima hapa. Datsun ilishinda Safari Rally mwaka wa 1970 na 1971, ikashinda tena 1973 Shekhar Mehta akiendesha 240Z. Joginder Singh, fundi mwenyewe, akashinda 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Matope ya kwetu ndiyo yaliyosaidia kuyapa jina. Nissan na Mitsubishi hadi leo wanajivunia ushindi huo. Sisi tunataka kulipa ili tukae kiti cha abiria.

Utaniambia, "Sasa mgeni anayependa magari afanyeje, akae nyumbani?" Hapana. Januari kila mwaka kuna Tokyo Auto Salon pale Makuhari Messe, Chiba; unapanda treni, unanunua tiketi, na waliokuja wamekuja kuonyesha. Kuna jumba la Toyota kule Nagakute. Ingia duka la spea kuukuu, kaa siku nzima. Na ukimpata rafiki mwenye gari, akakupeleka Daikoku Jumapili asubuhi wazee wanapoleta magari yao ya zamani, nenda, nyamaza, nunua kahawa. Pia nakubali kwamba baadhi ya hao madereva wa ziara ni vijana kama mimi. Wanapenda gari, shaken imefika, pesa hakuna, mgeni ana dola. Siwezi kumtukana mtu kwa kuuza kiti wakati mimi niliuza sentensi. Ninachokataa ni ile hadithi inayofungwa pamoja na kiti: kwamba ukilipa umekuwa mmoja wao.

Kazi yenyewe iliisha kwa mstari mmoja. Niliongeza kwenye maelezo kwamba polisi wanaweza kuyafunga maegesho usiku wowote, na mteja ajue hilo kabla ya kulipa. Nikajibiwa kwa upole niondoe, niandike badala yake kwamba usiku wa Tokyo hauna mpango na hilo ndilo raha yake. Niliandika. Nikatuma. Kesho yake nikaandika barua pepe nyingine nikisema mstari ule ni uongo, naomba urudishwe wa kwanza. Sijajibiwa hadi leo, na malipo ya kazi tatu za mwisho yako huko huko.

Siku hizi asubuhi nakaa Grogan kwa fundi mmoja mzee, namwandikia risiti na kumpigia wateja simu. Ananiita "Profesa" kwa sababu ya kile chuo nilichoacha. Wiki jana ililetwa Fielder iliyotoka Mombasa siku mbili zilizopita, nailoni bado kwenye viti. Akaniambia, "Ingia, Profesa, washa tusikie." Nikazungusha ufunguo. Yule mwanamke akaanza kuuliza kadi yake. Mzee akainamisha kichwa dirishani, mikono imejaa grisi.

"Tulia, mama," akamwambia. "Hata ile ya Mlolongo haichukui kadi yako."

Halafu akanionyesha kwa kidole nifungue boneti.