Safari ya Turkana kwa Pikapu: Pesa Tuliyosahau Kuhesabu

Wengi mmeniuliza inagharimu pesa ngapi kwenda Ziwa Turkana kwa pikapu na kulala kambini. Jibu fupi ni kwamba ni ghali kuliko mnavyodhani. Jibu refu ni hili hapa chini.

Tulienda Februari 2024, watu wanne, kwa pikapu ya binamu yangu. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, wenzangu walinitwika bajeti. Nikafungua tarakilishi, nikachora jedwali safi kabisa. Kutoka Nairobi kupitia Isiolo na Laisamis hadi Loiyangalani ni karibu kilomita 700. Ukiongeza kurudi na mizunguko ya huku na huku, gari linalokula lita 12 kwa kila kilomita 100 litahitaji karibu lita 190. Hesabu ikawa hivi: dizeli 37,000, chakula na maji 14,000, ada za kambi 9,000, kukodi hema la juu ya gari 12,000. Jumla shilingi 72,000, kila mtu atoe 18,000. Gari lenyewe tukaliandika sifuri, kwa sababu ni la binamu.

Hapo ndipo nilipokosea. Ni kosa ambalo sisi waandishi wa programu tunalijua sana: unaandika ukidhani mtumiaji atabonyeza kila kitu sawasawa, halafu programu inaanguka siku ya kwanza.

Hadi Laisamis ni lami tupu, unateleza tu. Ukikunja kushoto unaingia changarawe kwa zaidi ya kilomita 200. Barabara hiyo ilitengenezwa ili kusafirisha mitambo ya umeme wa upepo, lakini mawe yake bado yana meno. Pancha ya kwanza tukaweka spea. Ya pili ikapasua ubavu wa tairi, mahali pasipozibika. Spea nyingine hatukuwa nayo. Tulikaa juani saa tano hadi lori lilipopita na kuwabeba wawili wetu kurudi Laisamis kutafuta msaada. Matairi mawili ya mtumba, nauli na shukrani kwa waliotusaidia vilikula shilingi 32,000. Yaani 8,000 zaidi kwa kila mtu, papo hapo.

Watatu tulilipa huku tukinung'unika. Wa nne alilipa akicheka, nami nikadhani mambo ni shwari. Wiki tatu baadaye ndipo nilipojua kwamba alikopa kwa simu, kwa riba, na kodi ya nyumba ilikuwa inamngoja. Angefanya nini? Huwezi kusema "mimi sina" ukiwa jangwani na wenzako wakikutazama.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: pesa ya dharura ikusanywe Nairobi, kabla ya injini kuwaka, na isipungue nusu ya bajeti. Isipotumika, kila mtu arudishiwe chake. Mwenye uwezo mdogo ataweza kukataa akiwa nyumbani, bila aibu.

Najua mtasema hivyo vijana wengi hawatasafiri kamwe. Sikubali. Watasafiri karibu zaidi. Ziwa Magadi haliko hata kilomita 130 kutoka Nairobi, na nyota za huko ni zile zile.

Pia, pesa ya hema la juu ya gari ingenunua spea ya pili ya mtumba. Lile hema lilikuwa na uzito wa kilo 60 hivi, juu ya gari lililokwisha beba maji lita 140 (lita 5 kwa mtu kwa siku, siku 7). Halafu fikirini: mitambo 365 ya upepo, ya megawati 310, haikujengwa karibu na Loiyangalani kwa bahati. Upepo unapita kwa nguvu kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, na hukazana usiku. Saa nane za usiku tulishuka kutoka hema lile na kulala tumejikunja kwenye viti.

Mafuta nayo jazeni Isiolo. EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, lakini dizeli ya kwenye mapipa huko mbele ina bei ya mwenyewe.

Je, ziwa lilistahili? Ndiyo, sana. Ile rangi ya kijani alfajiri sitaisahau. Ila kila nikitazama zile picha namwona rafiki yangu akicheka, na sasa najua alikuwa anawaza nini. Akiba haiozi, jamani. Wekeni yenu kabla ya kuondoka.

Ninyi mnaonaje?