SOMO LA JIOGRAFIA LISIISHIE UBAONI

Mwanafunzi wa Unguja au Pemba akiulizwa maana ya uwanda wa juu, hujibu kwa maneno yale yale aliyoyanakili ubaoni. Lakini akiulizwa ni kwa nini mji wa Tabora uko pale ulipo, tunahofu kwamba wengi watanyamaza. Jambo hili si la kupuuzwa.

Ni sehemu chache za bara zilizofungamana na visiwa vyetu kama Tabora. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliondoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikaelekea Ujiji. Burton na Speke, walioondoka pwani Juni 1857, waliingia Kazeh, penye Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Njia hiyo haikuchorwa na mfanyabiashara yeyote peke yake. Iliyoichora ni maji. Ugogo ni nchi kame, na watemi wake waliokuwa na visima walijua thamani yake. Msafara haukupita bila ya kutoa hongo.

Tabora yenyewe iko juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Sisi tuna masika na vuli. Wao wana msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili. Baadaye mito hukauka, lakini katika mabonde maji hayako mbali chini ya ardhi. Palipo na visima palilimwa chakula, na palipo na chakula wapagazi walitua. Hapo ndipo njia zilipogawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda.

Tuyafuate na maji ya mvua. Yanayoangukia Tabora huingia mto Igombe, yakafika Malagarasi, yakamwagika katika Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufikia mita 1,470 kwa kuwa limelala ndani ya Bonde la Ufa. Kutoka hapo hupita mto Lukuga hadi Kongo, na mwisho Bahari ya Atlantiki. Yanayoangukia mashariki zaidi, upande wa Wembere, huteremkia Ziwa Eyasi lisilo na mlango wa kutokea. Miaka ya karibuni Tabora imeletewa kwa mabomba maji ya Ziwa Victoria. Uso wa ziwa hilo uko kiasi cha mita 1,134, chini kuliko Tabora. Kwa hiyo maji hayo hayaji yenyewe, bali husukumwa kwa mitambo, na mitambo hugharimu fedha. Hiyo nayo ni jiografia, nayo imo katika bajeti ya Serikali.

Visiwani mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe. Mvua hupenya ndani yake, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Ofisa atakayeidhinisha visima vya kesho ni mwanafunzi anayekariri leo.

Kwa hiyo tunaishauri Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ihakikishe kwamba kila skuli ina kipima mvua, na kwamba wanafunzi wenyewe ndio wanaokisoma na kuandika kila asubuhi. Walimu wawezeshwe kuwatoa wanafunzi darasani wakaone visima, mapango na fukwe zinazoliwa na bahari. Na wafundishapo historia ya misafara, waweke ramani ya mito na vimo kando ya ramani ya njia.

Gharama yake si kubwa. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Lakini skuli zimejengwa ili asiyejua aambiwe, na kinachoweza kuonyeshwa aonyeshwe.