Akili Ni Nywele: Tufundishwe Kubungua Bongo

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, nami nataka kuungama kosa moja mbele yenu, maana kosa hilo ndilo lililonifundisha jambo ninaloliandika leo.

Mwajua wote jinsi maji yanavyotusumbua hapa Bugeshi. Mvua hunyesha tele, lakini ardhi yetu ni ya mawe ya volkano, na maji huzama upesi. Ikifika Juni, mvua ikikatika, twategemea tangi. Mwaka jana foleni ya vidumu ilikuwa ndefu kila asubuhi, hata wengi wakakosa saa ya kujisomea. Tukaitwa mkutanoni tutoe shauri. Wakasema wale wasemao siku zote, yaani sisi wakubwa: barua iandikwe, tangi jingine linunuliwe, wadogo waamke mapema zaidi. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza akasimama, akasema kwa sauti ndogo kwamba maji yapo ila bomba ni moja. Basi vidumu vijazwe jioni, bweni kwa bweni. Mimi nikamwambia, "Wewe umefika juzi tu, keti." Watu wakacheka, naye akaketi.

Wiki mbili baadaye mwalimu wetu wa kompyuta alijaribu njia nyingine. Alituchanganya wakubwa na wadogo katika chumba cha kompyuta, akafungua ukurasa mmoja ulioonekana kwenye mashine zote, kwa kuwa zimeunganishwa kwa waya. Intaneti haikuhitajiwa. Akaandika juu: "Foleni ya maji tuiondoeje?" Kisha akatoa amri: kwa dakika 10 kila mtu aandike, asitaje jina lake, asiseme, asicheke. Yalipatikana mawazo zaidi ya 40. Baada ya hapo tuliyasoma yote, tukaunganisha yaliyofanana, na kila mmoja akachagua matatu aliyoyaona mema. Lililoshinda lilikuwa hili: vidumu vijazwe jioni, bweni kwa bweni.

Mimi mwenyewe nililichagua. Ndipo nilipokumbuka nililisikia wapi, nikaona haya. Wazo lilikuwa lile lile. Lililobadilika ni kwamba safari hii sikujua ni la nani. Tangu wiki ile foleni ya asubuhi haipo.

Njia hiyo huitwa kubungua bongo. Aliyeieneza ni Alex Osborn, Mmarekani aliyekuwa katika biashara ya matangazo, aliyeandika kitabu chake juu yake mwaka 1953. Kanuni zake ni nne: wazo la mtu lisilaumiwe kabla ya wakati, mawazo ya ajabu yakaribishwe, yatafutwe mengi kwanza, na mtu aweza kulichukua wazo la mwenziwe akaliongeza au kuliunganisha na jingine. Kuchagua huja mwisho.

Lakini tusidhani kwamba kukusanya watu tu kwatosha. Mwaka 1958 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapima watu wanne walioketi pamoja wakitoa mawazo, na wengine wanne waliofikiri kila mtu peke yake. Mawazo ya wale wa peke yao yalipojumlishwa, yaliwazidi wale walioketi pamoja. Mwaka 1987 wataalamu wawili, Diehl na Stroebe, walionyesha sababu moja kubwa: katika mkutano asema mmoja, na wengine wangoja, na mtu akingoja husahau, au hulitupa wazo lake. Tena iko hofu ya kuchekwa, ambayo mimi naijua kwa kuwa niliitia mwenyewe.

Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Thelathini waweza kuandika kwa dakika moja, hakuna angojaye zamu, na hakuna ajuaye mwandishi ni mkubwa au mdogo. Faida yake si kwamba mashine ina akili kuliko sisi, bali kwamba humpa kila mtu nafasi sawa. Umeme ukikatika, vipande vya karatasi ndani ya kikapu vitafanya kazi hiyo hiyo, ingawa polepole.

Nchi yetu haikukosa nia. Mpango wa kuwapa watoto kompyuta ndogo ulianza mwaka 2008. Mwaka 2016 ulianza kutumika mtaala mpya unaotaka mwanafunzi awe na fikra pevu, ubunifu na ujuzi wa kutatua matatizo. Maneno hayo ni mazuri. Lakini mara nyingi twafundishwa kufungua programu, kuandika barua na kuchora jedwali, kisha somo limekwisha. Ni kama kumfundisha mtu kushika jembe bila kumwonyesha shamba. Kufikiri pamoja nako ni ufundi. Una kanuni zake, nao hujifunzwa.

Wako watakaosema kwamba watoto wasipotaja majina wataandika upuuzi. Ni kweli, siku ile tulipata mizaha miwili. Mwalimu aliifuta, tukaendelea. Mizaha miwili si bei kubwa kwa wazo lililotuokolea saa ya masomo. Wengine watasema, "Mtihani wa taifa u karibu, muda hatuna." Kazi yote ilichukua chini ya saa moja.

Hatari niionayo mimi ni nyingine. Siku hizi ziko programu za akili mnemba, ambazo ukiziuliza hukupa mawazo 20 kabla hujakuna kichwa. Zina manufaa, sizikatai. Lakini mwenye kuanza nazo huacha kutafuta la kwake, na darasa zima hupata majibu yanayofanana. Tena programu hiyo haijawahi kusimama kwenye foleni yetu. Haijui kwamba bomba ni moja. Kwa hiyo nasema: kwanza kalamu na kichwa chako, kisha ukurasa wa pamoja, na mashine iulizwe mwisho, kama mgeni aulizwavyo baada ya wenyeji kusema.

Basi natoa mashauri matatu. Kwanza, kila muhula kila darasa lipewe saa moja ya kubungua bongo juu ya tatizo la kweli la shule au la kijiji. Pili, vidato vyote vichanganywe, na majina yasiandikwe mpaka mawazo yamekwisha kuchaguliwa. Tatu ni ombi kwenu, kaka na dada zetu mliosoma hapa. Mara nyingi mwatuuliza tunahitaji nini, nasi twajibu kompyuta. Mwaka huu tuleteeni matatizo yenu. Aliye mkulima atuambie jinsi viazi vinavyomharibikia ghalani. Aliye mfanyabiashara huko mpakani Kabuhanga atuambie kinachomkwamisha. Tutayaweka kwenye ukurasa, na mtapata majibu yetu, mabaya na mazuri pamoja.

Waswahili husema, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na wazee wetu wa Rwanda husema kwamba wafanyao shauri pamoja Mungu huwajia. Sisi wakubwa twazijua methali hizo kwa mtihani, sasa tuzitende. Yule mtoto wa kidato cha kwanza sasa yuko kidato cha pili. Nilikwenda kumwomba radhi, akanijibu, "Si neno, kaka." Lakini katika mikutano bado hasimami kusema, na kosa hilo ni langu.

Mwenye shauri jingine na aliandike katika toleo lijalo. Nami naahidi kulisoma kabla ya kutazama jina.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita